Usome ukurasa wa matokeo kabla ya kubofya

Huwa nakaa na watu wanaotafuta mambo mtandaoni, na wengi hubofya kiungo cha kwanza kabla macho hayajafika hata katikati ya skrini. Ningependa uzoee jambo moja: kwa kila kipande unachokiona pale, jiulize nani amekiweka na anataka nini kwako.

Juu kabisa mara nyingi ni matangazo. Mwaka 2016 Google iliacha kuweka matangazo ya maandishi upande wa kulia kwenye kompyuta. Sasa hukaa juu na chini ya orodha, yakifanana sana na matokeo ya kawaida isipokuwa neno dogo linaloonyesha kuwa yamelipiwa. Litafute neno hilo kwanza, hasa unapotaka fomu ya serikali. Nimeona madalali wakitoza ada kwa huduma ambayo tovuti rasmi, mistari michache chini yao, inaitoa bure. Anwani ya tovuti ndiyo ya kusoma. Kichwa cha tangazo kila mtu hujiandikia atakavyo.

Kisha yanakuja majibu ya papo hapo, na hapa nakusihi upunguze mwendo. Kisanduku cha jibu ni kipande kilichonyofolewa kwenye ukurasa wa mtu. Tangu 2024 Google huweka pia muhtasari ulioandikwa na akili mnemba kutokana na kurasa kadhaa. Vyote viwili huongea kwa uhakika uleule, viwe sahihi au vimekosea. Kipande kinaweza kutaja kipimo cha dawa cha mtu mzima, na sentensi iliyoachwa nje ndiyo inayokataza kuwapa watoto. Kwa afya, sheria na fedha, fungua ukurasa wenyewe, soma kilichotangulia na kinachofuata, na uangalie tarehe.

Ramani yenye orodha ya biashara hufuata mahali ulipo, kwa hiyo mwenzako aliye mbali ataona nyingine. Maswali yanayokunjuka katikati ya ukurasa mimi huyatumia kuazima maneno ya kutafutia upya, basi.

Ukitaka viungo vyenyewe bila muhtasari wala visanduku, tumia chujio la wavuti (Web), lililo kwenye safu ya vichujio juu ya matokeo, ambalo Google ililiongeza Mei 2024. Wakati mwingine limefichwa ndani ya menyu ya chaguo zaidi. Na kama tayari unaijua taasisi unayoiamini, andika site: ikifuatwa na anwani yake bila nafasi, kisha maneno yako. Matokeo ya kawaida yatatoka kwenye tovuti hiyo tu.