Baruti Ipi kwa Risasi za Shabaha?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Ohio, Marekani, na ninajaza upya maganda ya .38 Special (aina ya risasi za bastola) kwa ajili ya kulenga shabaha ya karatasi. Nichague baruti na kichwa gani cha risasi?

JIBU: Ndugu msomaji, walengaji wengi hutumia kichwa kilicho bapa mbele, chenye uzito wa gramu 9.6 hivi, kwa kuwa hutoboa tundu la duara lenye kingo safi, na alama zikahesabika bila ubishi. Baruti inayowaka haraka, kama Bullseye, hukifaa, kwani kiasi kidogo tu hutosha. Hatari nayo iko hapo hapo: ganda hilo lilibuniwa mwaka 1898, zama za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa, kwa hiyo vipimo viwili vya baruti ya kisasa huweza kuingia ndani yake bila kumwagika, kisha vikapasua silinda ya bastola. Binafsi ningependelea baruti yenye ujazo mkubwa zaidi ndani ya ganda, hata ikiwa na bei ghali, ili kosa la kujaza mara mbili lionekane kwa macho. Kipimo chenyewe kichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti, ukianzia kile cha chini, na umulike kila ganda kwa tochi kabla hujaweka kichwa.