Barua kwa mwanangu: hiyo filamu "ya kwanza"

Akinyi mwanangu,

Voisi yako tumeisikiza mimi na mamako, na mamako akasema huyu mtoto sasa ameanza kubishana na ofisi nzima. Swali lako nimelielewa hivi: hawa watu wa Hollywood wakitangaza kwamba filamu yao ya superhero ndiyo "ya kwanza" kuwa na mtu mweusi, ama mwanamke, ama nani sijui, ni heshima wanatupa ama ni tiketi wanauza, na mbona wewe ukisema filamu haikukubamba unaambiwa umewasaliti watu wako.

Ni tiketi wanauza. Heshima inaweza kuwa ndani na kuna wakati imekuwa, lakini kazi ya tangazo ni tiketi, na ukilijua hilo mapema hutakosana na mtu.

Tuanze na Black Panther, ile filamu ya Marvel, kwa sababu najua ndiyo mnapigania. Februari 2018 ilizinduliwa mpaka hapa Kisumu, si unajua Lupita Nyong'o aliyeigiza humo ni mtoto wa hapa na babake ndiye alikuwa gavana, watu wakajipamba kama wanaenda harusi. Na filamu ilikuwa nzuri bana, sitadanganya, ingawa ile vita ya mwisho kule chini kwenye reli ilinichosha, ilikuwa kama gemu ya kompyuta. Lakini ile kelele ya kwamba hatujawahi kuona superhero mweusi kwa sinema, hiyo hapana. Kwenye vitabu vya katuni sawa, T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe, alitoka 1966 kwa mkono wa Stan Lee na Jack Kirby, hapo hata mimi nawapa. Kwa sinema, Wesley Snipes alikuwa Blade, yule muuaji wa vampaya, tangu 1998! Sisi tulimwona kwa video show, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao, TV ya inchi 21 iko juu kabisa ya kabati ndani ya wavu wa chuma isiibiwe, na akitokea na ile koti ndefu nyeusi banda lote linapiga kelele mpaka husikii wanaongea nini. Na Blade ni mtu wa Marvel hao hao, ambao 1996 walikuwa wametangaza kufilisika, halafu filamu yake ikauza vizuri kabla X-Men na Spider-Man hazijatoka. Hakuna aliyetuambia tuko kwenye historia, tulilipa tukaingia.

Sasa angalia kitu kingine. Black Panther ilipata Oscar 3 mwaka wa 2019, na mbili kati ya hizo zilienda kwa Ruth E. Carter aliyebuni mavazi na Hannah Beachler aliyebuni mandhari ya Wakanda, na wote wawili walikuwa watu weusi wa kwanza kushinda kwenye vitengo vyao. Hizo ndizo "za kwanza" ninazoziheshimu mimi, na hazikuwa kwenye bango lolote, maana haziwezi kukufanya ununue tiketi Ijumaa. Ukitaka kujua kampuni inamaanisha nini, angalia nani ameshika kamera na nani ameandika, wachana na sura iliyo mbele ya bango.

Kuhusu wanawake ni hadithi ile ile, pengine mbaya zaidi. 2014 Ike Perlmutter, mkubwa wa Marvel, alimwandikia mkubwa wa Sony barua pepe akiorodhesha filamu za superhero wa kike zilizoanguka: Catwoman, Elektra, Supergirl. Barua ikaja kuvuja watu wakaisoma. Halafu 2017 Wonder Woman ya Patty Jenkins ikapita dola milioni 800, na ghafla Captain Marvel ikatoka Marekani tarehe 8 Machi 2019, siku ya wanawake duniani, na mabango ya kutuambia wanawake wanaweza. Hiyo ilikuwa filamu ya 21 ya Marvel Studios na ndiyo ya kwanza kuongozwa na mwanamke peke yake. Ishirini zilipita kwanza! Kwa hivyo wakikuambia "ya kwanza" wewe uliza ni nani alikuwa amefunga mlango muda wote huo, mara nyingi utakuta ni yule yule anayekukaribisha. Ni kama makanga anayepiga kelele "imebaki moja, imebaki moja" na ukiingia matatu iko tupu.

Na hata hao wanaowekwa mbele, wengine wanaachwa njiani. John Boyega, si superhero lakini kampuni ni hiyo hiyo ya Disney, wenye Marvel, walimnadi sana na Star Wars ya 2015, kwenye bango la China wakampunguza akawa mdogo kabisa, na 2020 akasema waziwazi kwamba wasimtangaze mtu mweusi kama nguzo ya filamu halafu wamsukume pembeni. Kisha kuna Batgirl, filamu ya superhero ya Leslie Grace, msichana mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika, imeshapigwa picha, mamilioni 90 ya dola yameenda, Agosti 2022 kampuni ya Warner wakaitupa, haikuenda sinema haikuenda intaneti, na ikaripotiwa walitaka nafuu ya kodi. Na huyo Blade, Marvel wenyewe walimtangaza upya 2019 na Mahershala Ali, ukumbi ukalipuka kwa shangwe, 2024 wakaitoa kwenye ratiba kimyakimya.

Sasa hao wenzako. Kuna watu huko mitandaoni wanatukana filamu kabla haijatoka kwa sababu tu kuna mweusi ama mwanamke, hao wapo na ni wabaya, Captain Marvel ilichafuliwa hivyo mpaka Rotten Tomatoes, ile tovuti ya maoni ya filamu, ikabadilisha utaratibu wake. Lakini ugomvi huo pia ni tangazo la bure, na ukishapamba moto kila mtu anayesema stori ilikuwa dhaifu anawekwa kundi moja na wale wa matusi. Wewe umelipa pesa yako, umekaa masaa mawili, una haki ya kusema adui hakueleweka na vichekesho vilikuwa vya baridi. Hakuna anayemuuliza mzungu kama amewasaliti wazungu akisinzia kwa Thor.

Ukiulizwa tena Jumatatu sema ulichokipenda na usichokipenda, kisha urudi kwa kazi yako, hao si bodi ya Disney na wewe si wakili wake.

Mamako anauliza kama ule mchele wa Ahero umefika, alimpa dereva wa basi la asubuhi.

Babako