Maswali yenu kuhusu homa ya manjano ya 1793

Safu iliyopita ilisimulia jinsi homa ya manjano ilivyoingia Philadelphia, Marekani, Agosti 1793, ikaua watu wapatao 5,000 katika mji wa watu 50,000 hivi, mpaka baridi ya Novemba ilipoikata. Barua zimekuja nyingi. Najibu zile zilizonigusa zaidi.

*Mwalimu, shikamoo. Mambo ya Marekani ya zamani yatuhusu nini sisi wa Lamu? – Msomaji, Langoni*

Marahaba. Mbu aliyeeneza homa ile, Aedes aegypti, ndiye aliyetuletea ugonjwa wa chikungunya 2004. Watafiti walipopima damu za watu kisiwani, walikuta robo tatu wameambukizwa, wakakadiria wagonjwa 13,500. Mvua ilikuwa imekosa, watu wakaweka maji ndani bila kufunika, na mbu huyu hutaga humo humo na kuuma mchana. Philadelphia nayo ilikuwa na joto na ukame mwaka ule wa 1793.

Wazee wetu walifuga samaki wadogo katika birika la chooni ili wale viluwiluwi vya mbu. Gusa maji kwa ncha ya kidole uone samaki wanavyopanda juu wakidhani wameletewa chakula. Siku hizi birika zinavunjwa, yanawekwa mapipa ya plastiki yasiyo na samaki wala kifuniko. Jambo hili linaniuma.

*Waliokimbia mji walikuwa akina nani? – Msomaji, Mokowe*

Wenye uwezo wa kukimbia. Rais Washington aliondoka Septemba 10, na inakadiriwa watu 17,000 hadi 20,000 walitoka. Maskini hawakuwa na pa kwenda. Meya Matthew Clarkson alibaki na watu wake, Mungu amlipe.

*Uliandika kwamba watu weusi waliambiwa hawashikwi na homa ile. Nani aliyesema, nao walikubalije? – Mama wa Shela*

Mama, hapa ndipo penye uchungu wote. Aliyesema ni Dakt. Benjamin Rush, mpinzani wa utumwa tena mtu wa heshima. Alisoma maelezo ya daktari mmoja wa Charleston, akayaamini, akawaomba Absalom Jones na Richard Allen, viongozi wa watu weusi wa mji ule, wawahimize wenzao wauguze wagonjwa na kuzika maiti. Wawili hao walizaliwa utumwani, wakajinunua uhuru wao.

Walikubali, wakaingia nyumba ambazo hata ndugu wa damu walizikimbia. Wameandika wenyewe kwamba walikuta mzazi amekufa na watoto wadogo wako naye peke yao, wakidhani amelala. Rush aliwafundisha kuwatoa wagonjwa damu, tiba ya enzi ile, wakawahudumia hivyo wagonjwa zaidi ya 800. Nao wakaanza kufa. Kwa hesabu yao, weusi waliozikwa 1792 walikuwa 67. Mwaka wa homa wakafika 305. Allen mwenyewe aliugua akanusurika.

Kisha mchapishaji Mathew Carey, ambaye naye aliuacha mji kwa muda, akatoa kijitabu akiwasifu Jones na Allen lakini akidai wauguzi weusi waliwatoza watu kupita kiasi na kuwaibia. Kijitabu kikanunuliwa sana. Mapema 1794 Jones na Allen wakamjibu kwa maandishi, pamoja na hesabu: walipokea pauni 233 hivi, wakatumia 411. Ujira ulipanda, wakaeleza, kwa sababu wenye fedha walishindana wao kwa wao kuwanyang'anya wengine wauguzi. Waliotumwa kwa jina la kinga wasiyokuwa nayo ndio waliolipwa kwa kuitwa wezi. Sijaona namna ya kulisema hili kwa upole.

*Mimi ni muuguzi. Madaktari wenyewe walikubaliana tiba? – Msomaji, Faza*

Hata kidogo, mwanangu. Rush aliwapa wagonjwa zebaki ya kuharisha na kuwatoa damu mara kwa mara. Usilinganishe na kuumikwa kwetu kwa chuku: yeye alidhani mwili una damu nyingi kuliko iliyomo, akatoa bila kuogopa. Katika hospitali ya Bush Hill, iliyosimamiwa na mfanyabiashara Stephen Girard, daktari Mfaransa Jean Devèze, aliyekimbia machafuko ya Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, alitumia njia za upole zaidi. Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, alitibiwa na rafiki yake daktari Edward Stevens kwa gome la kwinini, divai na maji baridi, akapona, akaisifu tiba hiyo gazetini. Basi siasa ikaingia: tiba ya Hamilton ikawa ya chama chake, ya Rush ikawa ya wapinzani wake. Mgonjwa alichaguliwa dawa kwa kambi ya daktari wake. Na wote hawakumjua mbu. Daktari Carlos Finlay wa Cuba ndiye aliyemtaja 1881, na Walter Reed, daktari wa jeshi la Marekani, na wenzake wakathibitisha 1900.

*Kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano ina zaidi ya miaka kumi. Nichanjwe tena nikisafiri? – Msomaji, Matondoni*

Hapana. Tangu Julai 2016 kadi hiyo, hata ya zamani, inatambuliwa maisha yote. Itunze pamoja na pasipoti, usiitupe.