Nimtoe kwa bibi yake nimlete Arusha?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Njiro. Kijana wangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Amelelewa na mama yangu Kibosho tangu nilipoachana na mama yake, ambaye sasa yuko Tanga. Mwaka jana nilioa. Nimejenga, chumba chake kipo: kitanda cha nne kwa sita, meza ya kusomea, dirisha linatazama Mlima Meru. Mke wangu hana kinyongo naye. Lakini nikigusia kuhama anajibu "sawa baba", basi. Nasikia watoto wanaokaa na mzazi huridhika zaidi na maisha. Nataka kumchukua mwezi wa saba, na akikubali nitamnunulia simu. Unanishaurije?
Baba wa Njiro

JIBU: Marahaba, baba, na hongera kwa nyumba. Ila chumba umekieleza vizuri kuliko kijana. Dirisha linakotazama nimelijua. Anacheza na nani huko Kibosho, sijui.

Ulichosikia kina ukweli ndani yake. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 184,000 katika nchi 36 za Magharibi. Waliulizwa wafikirie ngazi, chini sifuri, juu 10, waseme maisha yao yamesimama wapi. Waliokaa na baba na mama waliowazaa walijiweka juu ya wenye mzazi mmoja au mzazi na mwenzi mpya. Sasa hesabu mwenyewe. Njiro kuna baba na mama wa kambo, kwa hiyo kumhamisha hakumwingizi katika lile kundi la kwanza. Na ulinganisho huo ulikuwa wa nyumba za wazazi, si za bibi.

Kuna jambo jingine humo ambalo mimi ningelishika zaidi: watoto walioona vigumu kuzungumza na wazazi wao waliridhika na maisha kidogo sana kuliko wenzao. Hiyo "sawa baba" ndiyo inayonitia wasiwasi, kuliko umbali wa Kibosho.

Halafu mwezi wa saba! Si ndio msimu wenu? Utakuwa Serengeti na wageni, kijana amebaki sebuleni na mama asiyemzoea, shule mpya, na Novemba ana mtihani wa kidato cha pili. Mwache amalize kwanza. Uhamisho, kama upo, uwe Januari.

Masika hii kazi imepungua, panda Kibosho ukae siku kadhaa. Usimkalishe mbele ya wazee. Nenda naye kukata majani ya ng'ombe, mwulize hilo swali la ngazi, na akikuambia nne usianze kumtajia ulivyomlipia ada. Mwulize nini kingempandisha hadi tano. Pengine ni wewe kupiga simu bila kuuliza matokeo. Pengine ni kumwona mama yake Tanga, ambaye wewe umemtaja mara moja tu ukapita. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake. Baba hawezi kushindwa na hakimu kwa hilo.

Mama yako naye mwulize, maana ng'ombe hao wanakatiwa majani na mjukuu. Simu usiitaje mpaka kijana awe amekujibu.