Si kila kinachocheza majini ni mbu

Masika yameshika, na maswali yenu karibu yote ni ya madimbwi. Nachukua matano.

Pipa langu la maji ya mvua limejaa viluwiluwi. Nitie mafuta ya taa? (Fuoni)

Viluwiluwi gani, bibi? Kila mwaka naulizwa hivi, na kila mwaka nami nauliza hivyo. Lugha yetu imewapa wana wa mbu na wana wa chura jina moja, lakini macho tunayo. Chota glasi moja, isimamishe penye mwanga. Wa mbu ni kama kiuzi, ananing'inia kichwa chini na kupumua kwa kijirija cha nyuma. Ukigonga glasi hujikunjakunja akazama. Wa chura ni duara kama punje ya kunde, kichwa na tumbo kitu kimoja, na mkia una pezi juu na chini. Mtazame tumboni: utumbo umejizungusha kama koili ya dawa ya mbu, maana chakula chake ni ukungu wa kijani, na majani hayasagiki upesi.

Wakiwa wa mbu, mwaga maji, sugua pipa, funika. Mafuta ya taa kwenye maji ya kufulia nguo za watoto ni akili ya wapi?

Juu ya dimbwi letu, kwenye tawi la mpera, pana povu jeupe kama la sabuni. Watoto wanasema ni mate ya shetani. (Dunga)

Shetani hana kazi hiyo. Ni kiota cha chura wa miti. Jike hutoa majimaji, akayapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yaumuke, na mayai yamo ndani. Nje povu hukauka likawa gamba, ndani hubaki bichi. Baada ya siku nne hadi sita hivi, chini hulainika na watoto hudondoka majini mmoja mmoja. Kaa hapo jioni ya mvua utawasikia: top, top. Ukilikata tawi kwa sababu halipendezi, umemaliza kizazi kizima kwa panga moja.

Si vyura wote wa miti wanaofanya hivyo. Wapo wanaokunja jani na kuligandisha kingo, mayai ndani yake. Wapo wanaofukia mayai kwenye udongo wa majimaji kando ya bwawa, na watoto wao, wenye mikia mirefu, hujinyonganyonga wenyewe hadi majini. Lakini bwawa lazima liwepo. Sisi tunayajaza kifusi, tunajenga, halafu tunashangaa maji yakiingia sebuleni.

Mkia wa kiluwiluwi hudondoka lini? (Wete)

Haudondoki. Sijui nani aliyeanzisha hadithi hii maskulini. Mwili huufyonza, polepole, na ndiyo akiba yake. Miguu ya nyuma hutokeza mapema, unaiona ikikua. Ya mbele hukua imefichwa chini ya ngozi, kisha hutoka ghafla, kiwiko kikitangulia. Wakati huo mdomo wenyewe unajengwa upya: kile kidomo kigumu cha kukwangulia ukungu kinabanduka, na mnyama hali kitu. Anakula mkia wake, kwa kusema hivyo.

Chura akikukojolea unaota chunjua? (Mkoani)

Hapana. Chunjua ni virusi vya watu. Nawa mikono ule.

Mwanangu kaleta viluwiluwi kwenye chupa. Wote walikufa walipoota miguu ya mbele. Tumekosea wapi? (Chake Chake)

Walizama. Akishafika hapo matamvua yanamwisha na anapumua kwa mapafu, naye ndani ya chupa hana pa kupanda. Chura wa miti hutoka majini akiwa kidogo kuliko ukucha wako, na vidole vyake tayari vina vibonge vya kunatia. Mpe kijiti kilichoegemezwa, atakipanda usiku uleule. Na kama maji yalikuwa ya paipu, yenye dawa, pengine waliumia tangu siku ya kwanza. Tumia maji ya dimbwi walikotoka.

Safari nyingine mwanao achukue wawili tu, kwenye beseni pana, na miguu ikitoka awarudishe palepale. Si kwenye kisima cha jirani, tafadhali. Jirani huyo ameniandikia tayari.