Kabla Hujapiga Windows Upya, Pima Ramu

Kompyuta ya steshenari yangu hapa Nyegezi, Mwanza, ilianza kujizima kipindi ambacho wanafunzi wa chuo huleta ripoti zao za mwisho. Skrini ya bluu, inajiwasha, dakika kumi, bluu tena. Nikalaumu umeme, nikanunua powasaplai mpya. Fundi akapiga Windows upya. Ikagoma katikati mara mbili, ya tatu ikapita, kesho yake tatizo likarudi.

Dalili nilikuwa nayo machoni. Ujumbe wa skrini ya bluu ulikuwa haufanani: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho mwingine kabisa. Na faili la zip lilelile lilikataa kufunguka asubuhi, likafunguka mchana. Ukiona hivyo, shuku ramu, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka data inayoifanyia kazi. Ikiwa mbovu inaweza kugeuza data kimya kimya kabla haijaandikwa kwenye diski, na hapo ndipo panaponiuma, maana mteja amekukabidhi kazi yake. Kwa hiyo usinakili mafaili kwa mashine hiyohiyo. Chomoa diski, nakili kwa kompyuta nyingine.

Kisha weka Memtest86+, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, ni ya bure, uwashie kompyuta kutoka humo badala ya Windows. Iache usiku kucha. Kosa moja tu jekundu linatosha kukuonyesha kuna ubovu. Usijifariji kwamba ni moja.

Yangu ilijaa wekundu. Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kumaliza umeme uliobaki, nikafungua. Ndani kulikuwa na vumbi na mizoga ya wale wadudu wanaopanda kama moshi kutoka ziwani, feni huwavuta. Nikapangusa, nikachomoa ramu, nikasugua meno yake ya shaba taratibu kwa kifutio cha penseli. Wakati mwingine hilo pekee huponya. Kwangu halikuponya.

Nilikuwa na vipande viwili vya GB 4. Nikapima kimoja kimoja, kwenye sloti (tundu la kuchomekea ramu) ileile: cha kwanza kikapita, cha pili kikatoa makosa ndani ya dakika chache. Usiishie hapo. Kile kizima nikakihamishia sloti ya pili, kikapita tena. Kingeshindwa huko, sloti hiyo nayo ingekuwa mbovu, na ramu mpya ya kuchomeka humo ingekuwa hela ya bure.

Ukienda kununua, beba kile kibovu ulinganishe aina: ramu ya DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4, aina iliyoifuata, pengo lililo kati ya meno yake liko mahali tofauti.

Jioni hiyo niliwapigia wanafunzi niliowachapia wiki ile, mmoja mmoja, wazikague upya ripoti zao. Wawili nikawachapia tena bila malipo.