Usimwachie mtoto akusomee ripoti yake

Mwaka wetu wa kwanza hapa London (hii ya Ontario, Kanada, si ile ya Uingereza) mwanangu wa darasa la tano alileta ripoti mwezi Februari. Nikaikunjua mezani jikoni na kutafuta kile mzazi yeyote wa kwetu angetafuta: amekuwa wa ngapi kati ya wangapi? Hamna. Huku watoto hawapangwi kwa nafasi. Kwenye ukurasa wa kwanza, penye bidii na kazi za nyumbani, nikaona N mbili.

"N ni nini?"

"Nzuri, mama," akajibu bila kupepesa macho.

Nikampikia pilau.

Wiki mbili baadaye mwalimu akapiga simu. Kumbe bora ni E, ikifuatiwa na G, halafu S. N ndiyo mkia: mtoto anahitaji kujirekebisha. Kijana alikuwa hajakabidhi kazi tangu Krismasi. Nikapandwa na hasira, mbona sikuambiwa mapema? Nilikuwa nimeambiwa. Ripoti fupi ya Novemba ilisema anaendelea "kwa shida", lugha laini mno kwa sikio lililozoea "mtoto wako amefeli", nami nikaona maadamu anaendelea, basi. Barua pepe tatu nazo zilikuwa zimetumwa kwenye anwani niliyoandika siku ya kumwandikisha na ambayo sikuwahi kuifungua tena. Humo humo ndimo zinamotoka habari za basi kufutwa kwa ajili ya theluji. Si ajabu tuliwahi kusimama kituoni nusu saa nzima, kope zinaganda.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyefika juzi, kabla ya yote weka barua pepe hiyo kwenye simu yako. Pili, omba mkalimani. Kwenye fomu, penye lugha ya nyumbani, andika Kiswahili bila haya. Mtoto hashushwi darasa kwa hilo, kwani hupangwa kwa umri. Shule nyingi pia zina mhudumu wa kusaidia familia za wageni, na halipwi na wewe. Uliza ofisini anakuja siku gani. Mimi nilimgundua mwaka wa pili, tena kwa kusikia akina mama Wakongo wakimsifia.

Hao Wakongo ndio walionifumbua macho kuhusu bodi za elimu, yaani vyombo vinavyoendesha shule. Nilidhani shule ya serikali ni moja tu. Ontario inagharamia mifumo minne: ya umma ya Kiingereza, ambayo hapa ni bodi ya Thames Valley, ya Kikatoliki ya Kiingereza, na miwili ya Kifaransa, mmoja wa umma na mmoja wa Kikatoliki. Kama wanao walisoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura, kaulize huko kabla hujawatumbukiza kwenye Kiingereza. Shule za msingi za Kikatoliki zinaweza kudai cheti cha ubatizo. Sekondari zao ziko wazi kwa wote. Na kama karatasi zako za uhamiaji hazijakaa sawa, usimfungie mtoto ndani: sheria ya elimu ya Ontario hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 18 kukataliwa kwa sababu hiyo.

Ukiwa na malalamiko, anza na mwalimu, kisha mwalimu mkuu, ndipo uende bodini. Wajumbe wa bodi huchaguliwa kila miaka 4, pamoja na meya, na kura ni ya raia tu. Lakini Aprili 2025 wizara ya elimu ya Ontario iliiweka Thames Valley chini ya msimamizi, na wajumbe wakavuliwa madaraka. Ndiyo maana mimi nguvu zangu naziweka kwenye baraza la wazazi la shule, ambalo halikuulizi uraia. Tulipokuwa tukikutana kwenye maktaba, kwenye vile viti vidogo vya watoto, mara nyingi hatukufika hata kumi. Mwalimu mkuu alikuwa akiniita kwa jina langu kabla mwezi haujaisha, na kijana wangu hilo halikumfurahisha hata kidogo.